Swali la Mpemba: Utafiti wa Elimu ya Sayansi Jana, Leo na Kesho

Tuzungumzapo juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu tunataja ngoma, mashairi, mavazi, mapishi na desturi za arusi na tanga. Sayansi huachwa mlangoni kama mgeni asiyealikwa, ati kwa kuwa yeye ni wa dunia nzima wala hana kabila. Fikira hiyo ina ukweli nusu. Jiwe huanguka Iringa kama liangukavyo London. Lakini nani ana ruhusa ya kuuliza kwa nini linaanguka, anauliza kwa lugha gani, na mkubwa hujibuje aulizwapo na mdogo wake, hayo yote ni utamaduni. Taaluma inayoyachunguza mambo hayo darasani ndiyo utafiti wa elimu ya sayansi, nayo yastahili kuhakikiwa kama tuhakikivyo riwaya au tamthilia.

Katika insha hii tunakusudia kuihakiki taaluma hiyo kwa kutumia kipimo kimoja kilichopatikana hapa hapa kwetu, yaani makala mafupi yaliyochapishwa mwaka 1969 na Erasto Mpemba pamoja na Denis Osborne. Hoja yetu ni kwamba utafiti wa elimu ya sayansi umepiga hatua kubwa kila ulipobadili jambo unalolichunguza, lakini haujabadili vya kutosha watu wanaoruhusiwa kuchunguza. Mwalimu na mwanafunzi wamebaki kuwa wachunguzwa. Makala ya Mpemba na Osborne yanaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo.

Kwanza tuyaeleze makala yenyewe, maana wengi wamelisikia jina la Mpemba ilhali wachache wameyasoma maneno yake. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, na kungoja mpaka yapoe ndipo wayaweke katika jokofu. Nafasi ya jokofu ilikuwa haba, na siku moja, akiogopa kuikosa, Mpemba aliyaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baadaye akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia, alijibiwa kwamba bila shaka amechanganyikiwa. Hata hivyo hakuliacha swali. Rafiki yake mmoja aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimweleza kwamba wauzaji wa pale nao huanza na mchanganyiko wa moto ili ugande upesi.

Alipokwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, na darasa lilipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, alilirudia swali lake. Safari hii aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si ile ya watu wote. Tangu hapo kila alipokosea hesabu au kutoa wazo geni, wenzake walimtania kwa maneno ya namna hiyo hiyo. Mwishowe akafanya jaribio mwenyewe katika maabara ya biolojia. Na siku Dakta Osborne alipoitembelea shule hiyo kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mpemba alisimama akauliza: ukichukua maji ya ujazo sawa katika vyombo viwili, mengine yakiwa na nyuzi 35 na mengine nyuzi 100, ukayaweka katika jokofu, kwa nini yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne aliahidi kulijaribu.

Tuwe waadilifu kwa mwalimu aliyelikataa swali. Kanuni ya Newton yasema kwamba kadiri kitu kilivyo cha moto kuliko mazingira yake ndivyo kinavyopoa upesi zaidi. Lakini maji ya nyuzi 100, hata yakipoa kwa kasi namna gani, sharti yapite nyuzi 35 kabla ya kufika sifuri, na yakifika hapo yatakuwa kama yale mengine yalivyokuwa mwanzoni. Yatawezaje basi kuyatangulia? Mantiki hii haina kasoro iwapo vyombo viwili vinatofautiana kwa halijoto tu. Lakini maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa mvuke, hupungukiwa na hewa iliyoyeyuka ndani yake, hujizungusha kwa namna nyingine ndani ya chombo, na huweza hata kuyeyusha barafu iliyo chini ya chombo hicho. Mwalimu aliijua kanuni, ila hakuuliza kama masharti yake yametimia katika jokofu la shule. Naye alikuwa zao la mafunzo ambamo kanuni hukaririwa pasipo masharti yake.

Osborne, kwa upande wake, alimpa fundi wake wa maabara kazi ya kulijaribu jambo hilo. Fundi alirudi na habari kwamba kweli maji ya moto yalitangulia kuganda, lakini akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi. Kisa hiki huchekesha, nacho chafaa kufikiriwa, kwa maana hata ndani ya chuo kikuu palikuwa na mtu aliyeamini kwamba kitabu chaweza kulisahihisha jokofu. Majaribio yaliendelea kwa utaratibu. Vyombo viliwekwa juu ya kitu kisichopitisha joto, halijoto za kuanzia zikabadilishwa, na mara nyingine maji yakafunikwa kwa utando wa mafuta. Ulipowekwa utando huo, kuganda kulichelewa sana, jambo lililoonyesha kwamba sehemu kubwa ya joto ilikuwa ikipotelea juu ya maji.

Sasa tuyatazame makala hayo kama mhakiki alitazamavyo andiko. Yana sehemu mbili zenye sauti mbili. Katika ya kwanza Mpemba anasimulia kwa nafsi yake, pamoja na kicheko cha wenzake. Katika ya pili Osborne anaeleza vipimo. Msomi hakuyachukua maneno ya kijana akayageuza kuwa yake, wala hakumtaja kwa shukrani tu mwishoni. Jina la mwanafunzi limetangulia. Tena makala hayo hayakutoka katika jarida la wanafizikia wabingwa. Yalitoka katika jarida la Kiingereza la walimu wa fizikia, na Osborne ameyatia onyo juu ya fizikia inayoendeshwa kwa amri. Kwa hiyo tangu mwanzo yalikusudiwa kuwa andiko juu ya ufundishaji. Dunia ikaidaka habari ya barafu na kuliacha somo la ualimu.

Habari ya barafu yenyewe haijaisha. Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikwisha kutaja jambo la namna hiyo karne nyingi zilizopita, na mwaka huo huo wa 1969 G. S. Kell wa Kanada alichapisha makala yake juu ya suala hilo. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilipotangaza shindano la kulieleza, kilipokea majibu zaidi ya 22,000. Kisha mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walitangaza kwamba, baada ya kupima kwa uangalifu, hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wakaonyesha jambo linalofanana na hilo kwa chembe ndogo mno iliyomo majini, katika jaribio lisilohusu barafu.

Tunayataja haya ili tujihadhari na kosa moja. Ni rahisi kumgeuza Mpemba kuwa nembo ya fahari, tukajisifu kwamba kijana wetu aliwashinda wakubwa wa Ulaya, halafu tukarudi darasani kuwanyamazisha vijana wengine. Thamani ya swali lake haitegemei kama maji ya moto hushinda daima. Hata kama ingethibitika kesho kwamba alichokiona kilitokana na hitilafu ya jokofu, lililofaa kumjibu lingekuwa kipimajoto na saa, wala si kicheko.

Jana

Sasa tuugeukie utafiti wenyewe. Huko Marekani jarida la elimu ya sayansi lilianza mwaka 1916, na chama cha watafiti wake mwaka 1928. Lakini taaluma hii ilipata nguvu mpya katika miaka ya 1950. Mwaka 1956 Jerrold Zacharias na wenzake, waliokuwa katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, walianza kuandika upya masomo ya fizikia ya sekondari. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Oktoba 1957, Warusi walirusha Sputnik, na fedha za kazi kama hiyo zikamiminika. Uingereza nayo ilianza mpango wake wa Nuffield mwaka 1962. Nia ilikuwa njema, kwamba mwanafunzi aache kukariri, atende kama mwanasayansi. Lakini waliokaa kuamua mwanasayansi hutendaje walikuwa maprofesa, na kazi ya watafiti ikawa kupima kama vitabu vyao vimefanikiwa.

Mawimbi hayo yalifika Afrika upesi. Kufuatia mkutano uliofanyika Marekani mwaka 1961, hesabu mpya ziliandikwa Entebbe, Uganda, kuanzia 1962, na mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika ukafuata. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Afrika Mashariki ilikuwa na mradi wake wa sayansi ya sekondari uliofuata nyayo za Nuffield. Mipango hiyo haikuwa bure. Ilileta vifaa rahisi na udongo, wadudu na mimea ya mahali ndani ya darasa, na iliwakusanya Waafrika wengi katika kazi ya kuandika vitabu. Walakini swali la msingi lilikuwa limekwisha kujibiwa kwingine, nasi tulipewa kazi ya kulitafsiri jibu.

Ni jambo la kutafakarisha kwamba katika miaka ile ile yalitokea mambo mawili yaliyoelekea upande mwingine. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akikosoa elimu inayomfanya kijana aamini kwamba ujuzi wote umo vitabuni na kwa waliosoma, na kuudharau ujuzi wa wazee na wakulima. Na mwaka huo huo John Gay na Michael Cole walichapisha uchunguzi wao juu ya Wakpelle wa Liberia. Watoto wa Kikpelle walikuwa wakishindwa hesabu za shuleni, na ilikuwa rahisi kusema kwamba akili zao hazikuzoea vipimo. Lakini watu wazima wa Kikpelle walipoombwa kukadiria ni vikombe vingapi vya mchele vimo katika bakuli, waliwashinda Wamarekani. Tatizo lilikuwa kwamba shule haikujua watu hao hupima nini, kwa kipimo gani.

Leo

Hatua ya pili ilikuja watafiti walipoacha kukipima kitabu wakaanza kusikiliza yaliyomo kichwani mwa mtoto. Rosalind Driver wa Uingereza, katika kitabu chake cha 1983 ambacho jina lake lenyewe linauliza kama mwanafunzi aweza kuitwa mwanasayansi, alionyesha kwamba mtoto haji darasani mtupu kama mtungi. Huja na maelezo yake juu ya joto, mwanga na mwendo, na maelezo hayo hayafutiki kwa sababu tu mwalimu ameandika mengine ubaoni. Mwaka 1987 filamu moja ya Marekani ilionyesha kwamba kati ya watu 23 wa Chuo Kikuu cha Harvard walioulizwa kisa cha kuwako kwa majira ya mwaka au cha mwezi kubadilika sura, 21 walikosea. Kumbe kufaulu mitihani si kuelewa.

Somo hilo ni kubwa, lakini lina upungufu wake. Orodha za dhana potofu zilizokusanywa kwa watoto wa Leeds haziwezi kuhamishiwa Lindi bila kupimwa upya. Mtoto wa Ulaya hufikiri juu ya majira kwa baridi na joto. Mtoto wa pwani yetu huyajua kwa masika, vuli, kusi na kaskazi. Mtoto wa mvuvi anajua kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu huja kati ya nyakati hizo. Je, anadhani ni kwa nini? Mwalimu anayefundisha nguvu za uvutano bila kumwuliza swali hilo ameitupa hazina iliyo mlangoni pake.

Hatua ya tatu ni ya lugha, na hii ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Tangu 1967 mtoto wa Tanzania katika shule za msingi za umma amefundishwa sayansi kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari huyakuta mambo yale yale kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, na pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd walichunguza hali ya Kiingereza shuleni, wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakukijua kiasi cha kuweza kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo walishauri kiendelee na kiimarishwe. Hapa mhakiki hana budi kusimama. Ushahidi ulielekea upande mmoja na ushauri ukaenda upande mwingine. Mapema katika miaka ya 2000 Halima Mwinsheikhe, na baadaye watafiti wa mradi wa Tanzania na Afrika Kusini juu ya lugha ya kufundishia, walionyesha kwamba wanafunzi wanapofundishwa kwa Kiswahili huzungumza zaidi, huuliza zaidi na huelewa zaidi. Hata hivyo, katika shule zetu za sekondari kwa jumla, Kiingereza bado ndicho kinachofundishia sayansi.

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno. Hoja hiyo imepitwa na wakati. Baraza la Kiswahili lipo tangu 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi iliyobaki ni ngumu kuliko kuunda maneno, nayo ni kujua mtoto anaelewa nini ayasikiapo. Kwa Kiswahili cha nyumbani mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, na betri huisha nguvu. Fizikia inataka kani, nishati na uwezo vitengane. Mfuko ni mzito, uji ni mzito, na mafuta ni mazito. Fizikia inataka uzito, tungamo na mnato visichanganywe. Twasema mgonjwa ana joto na leo kuna joto, ilhali swali la Mpemba haliwezi hata kuanza kujibiwa mpaka tutenge joto na halijoto. Kila lugha ina mitego yake, na Kiingereza kinayo pia. Lakini mitego ya Kiswahili hatutaigundua kwa kusoma utafiti uliofanywa kwa Kiingereza juu ya watoto wa Kiingereza.

Kesho

Tumeona basi kwamba utafiti ulianza na kitabu, ukaenda kwenye kichwa cha mtoto, kisha ukafika kwenye lugha. Kila hatua ilikuwa ya haki. Lakini katika zote mtafiti huja, hugawa karatasi za maswali, hukusanya, huondoka, na huandika kwa lugha na katika jarida ambalo mwalimu aliyechunguzwa halioni. Anapata digrii, na shule inabaki na ubao ule ule. Tangu 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza, shule za kata zimeenea nchini kote. Shule hizo zaweza kuwa vituo vya kuchunguzwa tu, au zaweza kuwa vituo vya kuchunguzia. Uchaguzi ni wetu.

Tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza, kila mwalimu wa sayansi awe na daftari la maswali ya wanafunzi. Swali asiloweza kulijibu aliandike kama lilivyoulizwa, pamoja na lugha yake, wala asilifiche kana kwamba ni aibu. Kuuliza si ujinga, na kwa mwalimu, kusema "tulijaribu tuone" si udhaifu. La pili, vyuo vya ualimu viwafundishe walimu wapya namna ya kuyageuza maswali hayo kuwa majaribio kwa vitu vilivyopo: kipimajoto, saa, mizani, kamba ya kupimia kivuli, na daftari la maji kujaa na kupwa. La tatu, matokeo yachapishwe kwa Kiswahili ili mwalimu wa Mtwara ayasome ya mwenzake wa Kigoma, ayarudie, na amkosoe.

Siku hizi kuna na kompyuta zinazojibu swali lolote mara moja. Hizo zitasaidia sana, na zitadhuru vilevile iwapo zitashika nafasi ya yule mwalimu aliyejibu kabla ya kupima. Jibu lipatikanalo haraka laweza kuwa namna nyingine ya kumnyamazisha muulizaji.

Mpemba hakuishia kuwa mwanafizikia. Alikwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori karibu na Moshi, na kazi yake ikawa huko. Hatujui ni maswali mangapi mengine ya vijana wa miaka ile yalizimwa kwa kicheko, kwa kuwa swali lililozimwa haliachi kumbukumbu. Lake liliokoka kwa sababu alikuwa mkaidi, na kwa sababu mgeni mmoja alikubali kwenda kupima. Elimu ya taifa haiwezi kutegemea ukaidi wa mwanafunzi mmoja na bahati ya ziara moja. Wewe mwalimu usomaye, na wewe mwanafunzi, kesho mtakutana darasani. Mmoja wenu atauliza jambo ambalo kitabu hakikulitaja. Wakati huo utafiti wa elimu ya sayansi utakuwa mikononi mwenu.